Huwezi Kuvua Usichovaa

Mhujaji akishuka mashuani kwenye kisiwa cha Station, katikati ya ziwa la Lough Derg katika kaunti ya Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ireland, kabla ya kuanza sala huvua viatu na soksi. Hatavivaa tena mpaka siku ya tatu. Katika siku hizo atakula mara moja tu kwa siku, mkate mkavu kwa chai ya rangi. Usiku wa kwanza hatapata hata lepe la usingizi. Na atazunguka tena na tena, akipiga magoti, juu ya duara za mawe ambazo wenyewe huziita vitanda, mabaki ya vibanda vya watawa wa kale, kila kimoja na jina la mtakatifu wake: Patrick, Brigid, Brendan, Columba. Ni vitanda visivyolaliwa. Mawe yana ncha, mvua ya huko huja bila kubisha hodi, na nyayo za mtu wa mjini, zilizozoea soli na zulia, hukiona cha moto. Sifa za mahali hapa zilienea Ulaya tangu karne ya 12. Mwaka 1497 Papa aliamuru pafungwe, lakini watu wakarudi. Mwaka 1704 bunge la Waprotestanti mjini Dublin lilitunga sheria kwamba anayekwenda kuhiji huko atozwe faini ya shilingi 10, na asiyekuwa nazo achapwe viboko hadharani. Watu wakaendelea kwenda.

Sheria hiyo ya 1704 ina swali ndani yake ambalo watungaji hawakulikusudia. Walijua fika kwamba wengi wa watakaokamatwa hawatakuwa na shilingi 10. Ndiyo maana wakaongeza kiboko. Na asiye na shilingi 10, je, alikuwa na viatu? Mwingereza Arthur Young, aliyezunguka Ireland kati ya 1776 na 1779 akichunguza kilimo na hali za watu, aliandika kwamba watoto wa mafukara karibu wote hawakuwa na viatu wala soksi, na kwamba wanaume na wanawake wengi walikuwa vivyo hivyo. Watu wa namna hiyo ndio waliofika ukingoni mwa ziwa, wametoka mbali, peku, wakakuta desturi kwamba hapa, kwa heshima ya Mungu na kwa toba ya dhambi, hakuna kuvaa viatu. Walivua nini?

Swali hili linafanana na kitendawili cha watoto, lakini si mchezo. Ninachodai ni kwamba mguu mtupu hauna utakatifu wake wenyewe. Maana yake yote unaiazima kwa kiatu kilichoachwa mlangoni. Kama ni hivyo, basi fundi viatu wa kijijini, yule ambaye Waairishi kwa lugha yao humwita gréasaí, ana nafasi katika historia ya ibada ya nchi ile ambayo hakuna mhubiri aliyempa. Yeye na sindano yake ndio waliomwezesha mtu wa kawaida kuwa na kitu cha kuvua. Bila yeye, kutembea peku kulikuwa hali ya maisha tu, kama baridi na njaa. Alipokuja yeye, kukawa tendo.

Chukua kisa ambacho Wakristo, Waislamu na Wayahudi wote wanacho. Torati inasimulia, na Kurani katika sura ya Taha inasimulia, kwamba Musa alipoukaribia moto ule aliamriwa avue viatu, kwa kuwa pale aliposimama palikuwa patakatifu. Amri hiyo ina maana kwa sababu mchungaji yule alikuwa amevaa. Angekuwa peku, angeambiwa nini? Anayesoma makala hii pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kwenda Sinai kulielewa hili: atazame mlango wa msikiti wowote saa ya adhuhuri, makubazi, ndara na viatu vya kamba vimepangwa na kuparaganyika. Vile viatu vinasema. Vinasema kwamba mwenyewe ameiacha njia nje, na vumbi lake, na haraka yake. Mguu mtupu peke yake hausemi hayo. Mtoto mchanga yuko peku, mbuzi yuko peku, na hakuna anayewahesabia thawabu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka ufukara na zuhudi katika kitabu kimoja cha Ihya, lakini hakuvichanganya: fakiri ni aliyekosa anachokihitaji, na mwenye zuhudi ni aliyeipa dunia kisogo ilhali angeweza kuichukua. Katika mapokeo hayo hayo anatajwa mwanazuoni aliyesifiwa kwa zuhudi akaikataa sifa hiyo, akisema inamstahiki khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyejiwa na dunia mpaka mikononi naye akaiacha. Yeye mwanazuoni, aliuliza, alikuwa na nini hata akiache? Wakatoliki nao wana Wakarmeli Peku, watoto wa mageuzi aliyoyaanzisha Teresa wa Avila mwaka 1562. Jina linatangaza miguu mitupu, na wao huvaa ndara. Hakuna anayewaita waongo, kwa kuwa jina hilo linataja walichokiacha.

Sasa tumwangalie huyo fundi kwa karibu, maana kazi yake ndiyo ushahidi. Alikaa kwenye kigoda kifupi karibu na dirisha, na kiatu kilibanwa pajani kwa mkanda wa ngozi uliopita juu ya goti na kushuka mpaka chini ya unyayo wake mwenyewe, hivi kwamba mguu wa fundi ndio ulioushika mguu wa mteja. Ngozi ya soli, iliyokaa miezi mingi katika maji ya magome ya mwaloni, ililowekwa tena, ikawekwa juu ya jiwe la mapajani na kupondwa kwa nyundo mpaka ishikamane. Uzi aliutengeneza mwenyewe: nyuzi kadhaa za katani zilizosokotwa pamoja pajani, zikapakwa nta nyeusi, na mwishoni, mahali pa sindano, akafunga unywele mgumu wa nguruwe, kwa sababu unywele hupinda katika tundu ambamo chuma kingevunjika. Tundu lilitobolewa mara moja, na ncha mbili za uzi zikapita humo zikitoka pande mbili, kisha fundi akapanua mikono kwa nguvu kama mtu anayeogelea, na mshono ukafunga. Halafu misumari yenye vichwa vipana chini ya soli, na kipande cha chuma kisiginoni. Kazi ya kukaa kitako kutwa nzima mara nyingi ilipewa kijana mwenye mguu mbovu, asiyeweza kulima wala kuchimba makaa ya mboji. Hivyo katika vijiji vingi aliyewawezesha wengine kutembea alikuwa mtu ambaye kutembea kwenyewe kulimshinda.

Kiini cha kazi hiyo kilikuwa kalibu, yaani umbo la mguu lililochongwa kwa mti. Duka la kiwanda lina kalibu za nambari. Fundi alikuwa na kalibu chache, na kila mteja alipokuwa na kifundo kilichovimba au kidole kilichopanda juu ya kingine, alibandika vipande vya ngozi juu ya mti mpaka mti ukavimba pale pale. Alijua miguu ya kijiji kama padri anavyojua maungamo yake. Wengine hawakuwa na karakana, walihamahama na mfuko wa zana, wakikaa katika nyumba moja mpaka kila aliyestahili kiatu amepata, ndipo wakasogea kwa jirani. Namtaja kwa kirefu hivi kwa sababu kiatu kilikuwa kitu cha gharama, na gharama yake ilionekana kwa macho. Asiyejua kazi iliyoingia katika jozi moja hawezi kujua uzito wa kuivua.

Ushahidi wa jinsi watu wa mashambani walivyokitazama kiatu tunao kwa wingi usio wa kawaida. Kati ya 1937 na 1939 Tume ya Ngano ya Ireland iliwaomba wanafunzi wa shule za msingi, shule zipatazo 5,000 katika kaunti 26, wakawaulize wazee wa nyumbani na majirani kuhusu mambo ya zamani, na moja ya mada walizopewa ilikuwa utunzaji wa miguu. Watoto wakaandika katika madaftari yao. Picha inayojirudia ni hii: watoto walikwenda peku tangu majira ya kuchipua mpaka baridi iliporudi, na zamani wengine walikaribia utu uzima ndipo wakapata jozi ya kwanza. Maji ya kunawia miguu jioni hayakuachwa ndani usiku. Yalimwagwa nje, au yakatiwa kaa la moto, kwa hofu kwamba yangeufungua mlango kwa wageni wasioonekana. Na wengi wanaeleza kwamba watu walipokwenda Misa ya Jumapili au mnadani walibeba viatu mkononi au shingoni, wakatembea peku maili kadhaa, na walipokaribia kanisa au mji wakaosha miguu kijitoni, wakavaa. Baada ya Misa vikavuliwa tena.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linaponikabili, na ni zuri. Mtu atasema: hawa wamempindua Musa. Yeye alivua alipofika mahali patakatifu, wao walivaa. Ikiwa matendo mawili yanayopingana yote ni heshima, basi kiatu hakina maana yoyote, ni mazoea tu, na huenda ni kuoneana haya: jirani asikuone peku. Sikatai kwamba aibu ilikuwamo. Lakini hebu tazama kilichofanyika. Mtu ana kitu kimoja kizuri, kimegharimu pesa aliyoingoja mpaka nguruwe auzwe. Anakihifadhi asikichakaze barabarani, anaumiza nyayo zake ili kiatu kisiumie, halafu anakitoa mahali pamoja tu, mbele ya Mungu na ndugu zake. Hiyo ni sadaka. Mbele ya altare alileta alichokithamini, na huko kisiwani alikiacha alichokithamini. Matendo yanapingana kwa nje kwa jinsi ile ile mfungo na karamu vinavyopingana, na dini moja inavyo vyote viwili. Kinachoyaunganisha ni kwamba kiatu kipo na mwenyewe ana uamuzi juu yake. Ukikiondoa kiatu, yote mawili yanakufa pamoja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na siwezi kulipita juu juu. Nani amenipa mimi mizani ya kupima toba ya maskini? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwanamke aliyefika Lough Derg peku katika karne ya 18 alikanyaga mawe yale yale, akakesha usiku ule ule, akala mkate ule ule, na pengine alihatarisha mgongo wake kwa kiboko cha sheria. Kusema kwamba hija yake ilipungukiwa kwa kuwa hakuwa na kiatu ni kumnyang'anya hata kile kidogo alichokuwa nacho. Isitoshe, Injili inamsifu mjane aliyetia sarafu mbili katika sanduku la hekalu kuliko matajiri waliotia nyingi. Nakubali nusu ya kwanza bila kusita: maumivu yalikuwa yale yale, mkesha ulikuwa mkesha, na nia haipimwi kwa soli. Nisichokubali ni kwamba kile kipengele kimoja, kuvua viatu, kilikuwa na maana kwake. Na mjane wa Injili ananiunga mkono kuliko anavyonipinga. Alikuwa na sarafu mbili. Angeweza kutia moja akabaki na moja. Ukuu wake wote umo katika ile ya pili ambayo angeweza kuificha kiganjani. Angekuja mikono mitupu, Injili isingekuwa na kisa cha kusimulia, na mwenye kulaumiwa asingekuwa yeye. Wa kulaumiwa wangekuwa wale waliomfanya aje hivyo.

Naona hatari kubwa iko upande wa pili: kumgeuzia maskini ukosefu wake uwe fadhila. Ni rahisi mno. Mtu hana kiatu. Anaambiwa kwamba Mungu anapenda miguu mitupu. Anarudi nyumbani ameridhika, na aliyemnyima kiatu amelala usingizi mzuri. Mahubiri ya namna hiyo yana dalili moja isiyokosea: mhubiri huwa amevaa buti. Ibada inayomtaka mtu atoe asichonacho haimpeleki popote ambapo hakuwapo tangu awali. Ndiyo maana nasema fundi viatu alifanya kazi ya kidini bila kujua. Kila jozi iliyotoka mikononi mwake iliongeza mtu mmoja ambaye, akisimama ukingoni mwa ziwa, angeweza kusema ndiyo au hapana.

Kuna aliyelitazama jambo hili kwa jicho jingine, na alikuwa mwanafalsafa mkubwa kuliko wote waliozaliwa Ireland. George Berkeley, mzaliwa wa Kilkenny mwaka 1685, askofu wa Kianglikana wa Cloyne katika kaunti ya Cork tangu 1734, anajulikana duniani kwa fundisho lake kwamba vitu vipo kwa kuwa vinatambuliwa na nafsi. Lakini kati ya 1735 na 1737 alichapisha kitabu chote cha maswali matupu kuhusu umaskini wa nchi yake, na katika swali mojawapo anauliza kama kuzua mahitaji siyo njia ya kuwatia watu bidii, na kama wakulima wangezoezwa kula nyama ya ng'ombe na kuvaa viatu wasingekuwa wachapakazi zaidi. Nampenda Berkeley kwa kuuliza. Askofu angeweza kuhubiri subira akaishia hapo. Tena aliuliza katika nchi iliyosafirisha nyama ya chumvi, siagi na ngozi kwa meli kupitia bandari ya Cork, huku wachungaji wa ng'ombe hao hao hawana nyama mezani wala ngozi miguuni. Lakini kiatu kwake ni chambo: mwonyeshe mkulima kiatu, atakimbia kukifukuza, na katika kukimbia uchumi utasogea. Hapo naachana naye. Mtu hastahili kiatu kwa sababu kitamfanya alime zaidi. Anakistahili kwa kuwa ndiye mwenye mguu, na kwa kuwa miongoni mwa mambo ambayo binadamu anapaswa kuweza kuyafanya ni kuvua kiatu kwa hiari yake.

Aristotle, karne ishirini kabla ya Berkeley, alikuwa ameliona jambo la karibu na hili. Katika kitabu chake cha siasa anasema kiatu kina matumizi mawili, kukivaa na kukibadilisha kwa kitu kingine. Na katika kitabu cha maadili anajiuliza ni viatu vingapi vitalingana na nyumba moja, fundi viatu na mjenzi wapatane bila mmoja kumpunja mwenziwe. Kinachowaunganisha, anasema, ni kuhitajiana. Ningependa kuongeza matumizi ya tatu, ambayo Mgiriki yule hakuyataja: kiatu hutumika pia kwa kutovaliwa. Na haya ya tatu yanategemea yale mawili. Kijiji cha Ireland kililipa fundi wake kwa pesa kama zipo, na kama hazipo kwa viazi, mayai au siku ya kazi shambani, au kwa deni lililongoja siku ya mnada. Hivyo inawezekana kabisa kwamba baadhi ya viatu vilivyovuliwa kwa ajili ya Mungu vilikuwa bado ni mali ya fundi. Sijui wanateolojia wangelisemaje hilo. Mimi nadhani thawabu iligawanywa.

Mtu wa visiwa vya Aran, magharibi mwa Galway, angenikatiza hapa na kusema kwamba kwao hapakuhitajika fundi yeyote. Ni kweli. Mwandishi wa tamthilia J. M. Synge, aliyekaa huko mara kadhaa kati ya 1898 na 1902, alieleza katika kitabu chake cha 1907 jinsi buti zake zilivyokatwakatwa na miamba ya chokaa, wenyeji wakamtengenezea vile vyao: kipande cha ngozi mbichi ya ng'ombe, manyoya yakiwa nje, kimefungwa kwa uzi wa kuvulia samaki mbele ya vidole na nyuma ya kisigino. Kila familia ilijitengenezea. Ngozi hiyo ikikauka huwa ngumu kama ubao, kwa hiyo usiku hulowekwa katika maji, na mchana mvuvi hukanyaga maji ya bahari akiwa navyo. Nakubali, basi, kwamba hoja yangu haihitaji fundi kwa jina. Inahitaji kiatu, na mkono unaojua kukitengeneza. Huko Aran mkono huo ulikuwa wa kila mtu, bara ulikuwa wa mmoja. Siwezi hata hivyo kuacha kuvutiwa na kile kiatu kinachohitaji maji kila usiku kama mnyama aliyefungwa zizini.

Pingamizi la mwisho linanitaka nilipe bei ya hoja yangu, na nitalipa. Kama cha muhimu ni kwamba watu wawe na viatu, basi mtumishi mkuu wa ibada ni kiwanda, siyo gréasaí. Serikali iliyoingia madarakani Dublin mwaka 1932 iliziba njia ya bidhaa za nje kwa ushuru mkali, viwanda vya viatu vikachipua ndani, mji wa Dundalk ukajulikana kwa viatu vyake, na ndani ya kizazi kimoja fundi wa kijijini alikuwa amebaki na kazi ya kubandika soli na kushona visigino, kisha hata hiyo ikamtoka. Watoto wale wale walioandika madaftari ya 1937 walikuwa wakimwandika mtu anayeondoka. Je, nimlilie? Kwa ufundi wake, ndiyo: kalibu iliyovimba mahali pa kifundo cha mtu fulani haina mbadala katika nambari za dukani, na mzee mwenye miguu iliyopinda alipoteza rafiki. Kwa ibada, hapana. Viatu vya kiwanda, vibaya na vya haraka kama vilivyokuwa, vilimfikia yule msichana wa kumi katika nyumba ya watu kumi na wawili ambaye fundi hakumfikia kamwe. Anayesikitika kwamba dini ilikuwa na nguvu zaidi watu walipokuwa peku, mara nyingi ni mtu ambaye babu yake alikuwa na buti.

Nashuku kwamba wanakijiji wenyewe walilijua hili kuliko sisi tunaonunua kadi za posta zenye picha za leprechaun, yule kibwengo mdogo wa Ireland mwenye kofia. Katika ngano zao hakuwa kichekesho cha watalii. Alikuwa fundi viatu, mpweke, akigonga nyundo chini ya kichaka, na mara nyingi husimuliwa kwamba mkononi ana kiatu kimoja tu, hakimaliziki kikawa jozi. Tena ana dhahabu aliyoifukia ambayo hakuna anayeipata. Sitaki kuibebesha ngano mzigo wa falsafa. Lakini watu waliokwenda peku walipomwaza tajiri asiyefikika, walimwaza akiwa ameshika kiatu kisichovalika.

Leo kila anayefika Lough Derg amevaa viatu, vingi vikiwa vimeshonwa Asia kwa mashine, na hakuna kati ya wahujaji anayemjua aliyevitengeneza. Hiyo ni hasara ambayo sijui jinsi ya kuifidia. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza katika historia ndefu ya kisiwa kile, amri ya kuvua viatu inamwangukia kila mtu kwa uzito mmoja, mwenye shamba na kibarua wake, kwa kuwa kila mmoja ana cha kuacha. Siku ya tatu, baada ya Misa ya asubuhi na mzunguko wa mwisho wa sala, mhujaji huvaa soksi zake, hufunga kamba za viatu, na kupanda mashua ya kurudi bara. Mfungo wa chakula huendelea mpaka saa sita usiku. Ule wa viatu unakuwa umekwisha.